Jiwe, Maji na Jino: Mwalimu Asimhukumu Mtoto kabla ya Kulisoma Jiwe

Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilitenda kosa ambalo hadi leo hunirudia kila nisikiapo kengele ya asubuhi. Nilikuwa mwalimu wa zamu. Watoto walikuwa mstarini, nami nilikuwa nikikagua usafi: kucha, nywele, sare, kisha meno. Nilimfikia msichana mmoja wa darasa la nne ambaye alikuwa amehamia kwetu muda si mrefu, akitokea upande wa Singida. Meno yake ya mbele yalikuwa na madoa ya rangi ya kahawia, na mengine yalikuwa meupe yasiyong'aa, kama chokaa. Nikamwuliza kama hupiga mswaki. Akajibu, "Ndiyo, Mwalimu, kila siku." Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba meno yake yanamsuta, nikamtoa mstarini akasimame na wachafu. Wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo mtoto yule alizungumza akiwa amefunika mdomo kwa kiganja, na darasani hakunyosha mkono tena.

Mtoto yule alisema kweli. Aliyekosea ni mimi, na kosa langu halikuwa la ukali tu, bali la ujinga. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa sayansi, lakini sikujua kwamba madoa yale yalitoka katika jiwe, yakapita katika maji, yakaingia katika jino kabla jino lenyewe halijaota. Mswaki usingeyaondoa hata angepiga mara kumi kwa siku.

Ndugu mwanachuo, hoja yangu katika makala haya ni moja. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye asubuhi hukagua meno na saa nne hufundisha sayansi, hana budi kuyaona mambo hayo mawili kuwa somo moja. Na somo hilo lina mahali pazuri pa kuanzia, napo ni ulanga unaometameta katika mawe na mchanga wetu hapa Mara.

Jiwe lililo mlangoni

Anayetembea kutoka Nyasho kuelekea ufukweni mwa Ziwa Viktoria huyaona majabali kila upande. Mengi katika nchi hii ya Musoma, Bunda na Butiama ni mawe ya kale mno, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Chukua kipande cha jiwe la matale lililovunjika karibuni, ulishike juani, uligeuzegeuze. Utaona chembe za kijivu zinazong'aa kama kioo, ambazo ni kwazi. Utaona chembe nyeupe au za waridi, ambazo ni felspa. Na katikati yake utaona vijipande vyeusi vinavyometa kama magamba ya samaki. Hivyo vijipande ndivyo ulanga mweusi, ambao wataalamu huuita biotaiti.

Upo pia ulanga mweupe, yaani muskoviti. Huo ndio uliochimbwa katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, tangu wakati wa utawala wa Wajerumani, kwa kuwa hubanduka katika karatasi kubwa, hupitisha nuru, huvumilia moto na haupitishi umeme. Sisi hapa hatuhitaji karatasi kubwa. Kijipande cha ulanga chenye upana wa punje ya mchele kinatosha kwa somo. Mpe mtoto pini, mwambie akibandue. Atatoa tabaka, kisha tabaka jingine, na jingine tena, hata mkono wake ushindwe. Swali la kwanza la somo huzaliwa hapo hapo, tena na mtoto mwenyewe: kwa nini jiwe hili hubanduka kama kurasa za daftari, na mengine hupasuka ovyo?

Ulanga ulivyojengwa

Jibu lake ni kwamba ulanga umejengwa kwa matabaka. Kila tabaka moja ni kama mkate uliokatwa na kutiwa kitu katikati. Juu na chini kuna mtandao wa silikoni, alumini na oksijeni uliopangwa kwa duara za pembe sita. Katikati ya mitandao hiyo miwili kuna safu ya madini: magnesi na chuma katika ulanga mweusi, alumini katika ulanga mweupe. Kisha, baina ya tabaka na tabaka, hukaa ioni kubwa za potasiamu, kila moja imejikalia katika shimo la pembe sita. Potasiamu ndiyo gundi inayoyashikamanisha matabaka, lakini ni gundi dhaifu. Ndiyo maana pini hupita. Tabaka moja pamoja na potasiamu yake lina unene wa karibu nanomita moja, yaani milimita moja ukiigawa mara milioni moja. Kwa hiyo kijipande cha ulanga chenye unene wa milimita moja kina matabaka yapatayo milioni.

Sasa tuingie ndani zaidi. Chini ya kila potasiamu, katika kina cha lile shimo, kuna kiti kimoja. Kwa kawaida kiti hicho hukaliwa na haidroksili, yaani oksijeni moja iliyoshikana na haidrojeni moja. Lakini haidroksili ina mwenzake anayeweza kukalia kiti hicho hicho, naye ni florini. Ioni hizi mbili zina chaji hasi moja moja, na ukubwa wake unakaribiana sana. Jiwe linapoumbwa katika joto kuu ndani ya ardhi, mahali penye florini nyingi, viti vingi hukaliwa na florini badala ya haidroksili.

Je, badiliko hilo dogo lina athari gani? Hapa ndipo penye mafunzo. Katika ulanga mweusi, haidrojeni ya haidroksili husimama wima na kuielekea potasiamu iliyo juu yake. Haidrojeni ina chaji chanya. Potasiamu nayo ina chaji chanya. Vyenye chaji zinazofanana husukumana. Basi potasiamu husukumwa juu kidogo, na matabaka hukaa yameachana kidogo. Florini ikikalia kiti, haidrojeni haipo tena. Msukumo ule huondoka, potasiamu huzama zaidi katika shimo lake, na matabaka husogeleana. Kupungua kwake hakufiki hata sehemu mbili katika mia za unene wa tabaka, lakini matokeo yake ni makubwa. Potasiamu hushikwa kwa nguvu zaidi, na maji hupata taabu zaidi kuing'oa. Tena ulanga huvumilia moto mkali zaidi. Ulanga wenye haidroksili ukichomwa sana hupoteza maji na fuwele yake huvunjika; ule wenye florini hauna maji ya kupoteza.

Katika ulanga mweupe athari hii ni ndogo zaidi, nayo ina sababu yake. Katika safu yake ya kati, nafasi moja katika kila tatu huwa tupu. Haidrojeni huinamia upande wa nafasi hiyo tupu, haiisukumi potasiamu wima. Asiyekusukuma, kuondoka kwake hakukusogezi sana.

Kielelezo cha gololi na njiti

Najua mwanachuo atasema: haya ni ya chuo kikuu, si ya darasa la sita. Naomba afanye kwanza kazi ifuatayo kwa mikono yake, kisha ahukumu.

Tafuta makaratasi magumu ya boksi, gololi zenye ukubwa sawa, njiti za kiberiti na udongo wa mfinyanzi. Kata vipande sita vya boksi vyenye ukubwa wa kiganja. Katika vitatu toboa mashimo manne manne, yawe madogo kidogo kuliko gololi ili gololi ikae shimoni bila kutumbukia. Gundisha kila kipande chenye mashimo juu ya kipande kisicho na mashimo. Hapo una matabaka matatu. Tia udongo kidogo ndani ya kila shimo. Katika udongo huo simamisha kipande kifupi cha njiti, ncha yake ifike usawa wa uso wa boksi. Weka gololi juu ya kila shimo, panga tabaka juu ya tabaka, funika kwa daftari, kisha pima kimo kwa rula. Sasa ondoa njiti zote, panga upya, upime tena. Gololi zitazama shimoni, na kimo kitapungua kwa milimita kadhaa ambazo kila mtoto ataziona kwa macho yake.

Gololi ni potasiamu, njiti ni haidrojeni, na shimo lenye udongo bila njiti ni kiti kilichokaliwa na florini. Watoto wameona jinsi kitu kidogo kilichofichika kinavyobadili umbo la kitu kizima. Lakini mwalimu asiishie hapo. Awaambie wazi kwamba kielelezo hiki kina kasoro: katika jiwe hakuna njiti inayogusa, kuna msukumo wa chaji. Mwalimu anayeonyesha mpaka wa kielelezo chake hufundisha sayansi. Asiyeuonyesha huwaacha watoto na picha watakayoing'ang'ania miaka mingi kama kweli yenyewe.

Kutoka jiweni hadi kisimani

Kiti kinachoweza kukaliwa na wawili kinaweza pia kubadilishana wakaaji. Mvua huingia ardhini, hukaa miaka mingi katika nyufa za matale, na hugusana na ulanga. Ikiwa maji hayo yana asili ya magadi, yaani yana haidroksili kwa wingi na kalisi kidogo, haidroksili ya maji huweza kukalia kiti cha florini, nayo florini hutoka na kuingia katika maji. Kalisi ikiwa nyingi huikamata florini na kuigandisha. Ikiwa kidogo, florini huachwa huru. Hivyo ndivyo kisima kirefu kilichochimbwa kwa nia njema, chenye maji maangavu yasiyo na harufu, kinavyoweza kutoa maji yenye floraidi nyingi.

Yafaa tuwe waangalifu hapa. Ulanga si chanzo pekee. Yako madini mengine yenye florini ndani ya matale, na katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro chanzo kikubwa ni mawe na majivu ya volkano. Lakini mikoa ya Singida, Shinyanga na Mara, ambayo ina mawe ya matale, nayo huhesabiwa miongoni mwa sehemu za nchi yetu zenye visima vya floraidi nyingi. Maji ya ziwa letu yana floraidi kidogo. Kwa hiyo katika darasa moja hapa Musoma wanaweza kuketi pamoja mtoto aliyekulia maji ya ziwa na mtoto aliyekulia maji ya kisima cha bara. Meno yao yatatofautiana, ingawa wote wanapiga mswaki.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja ya maji ya kunywa. Hapa kwetu, mwaka 1974, kiwango cha muda cha maji ya vijijini kiliruhusu hata miligramu 8, kwa kuwa mahali pengi hapakuwa na maji mengine. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na sasa kiwango cha taifa ni 1.5. Tarakimu hizi tatu ni somo la hesabu na la uraia kwa pamoja: zaonyesha taifa likipima kati ya kiu na madhara.

Kutoka kisimani hadi jinoni

Sehemu ngumu ya nje ya jino imejengwa kwa fuwele za apataiti, ambazo zina kalisi, fosfeti na, kama ilivyo katika ulanga, kiti cha haidroksili. Hapa tena florini huja na kukalia kiti hicho. Tena hukaa vizuri kuliko mwenye kiti, kwa kuwa haidroksili haienei sawasawa katikati ya nafasi yake. Fuwele husinyaa kidogo na huwa ngumu zaidi kuyeyushwa na asidi. Ndiyo maana florini kidogo hutiwa katika dawa ya meno: hulinda jino lisitoboke.

Lakini dawa ikizidi huwa sumu. Tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 8 hivi, meno ya utu uzima yanayoonekana mtu akicheka huwa yanajengwa ndani ya ufizi. Mtoto akinywa floraidi nyingi katika miaka hiyo, kazi ya seli zinazojenga jino huvurugika. Jino huota likiwa na vinyweleo vingi, jeupe kama chokaa. Kisha rangi huingia katika vinyweleo hivyo, likawa la kahawia. Na floraidi nyingi ikiendelea kunywewa kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika.

Basi mtoto wa darasa la nne anayesimama mbele yako amebeba katika meno yake kumbukumbu ya maji aliyokunywa kabla hajajua kusoma. Kumwadhibu kwa hilo ni sawa na kumwadhibu kwa mahali alipozaliwa.

Hata yule aliyekunywa maji mazuri hajasalimika, kama chakula chake hupikwa kwa magadi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa meno hapa nchini walionyesha kwamba magadi yanayotumika kulainisha maharage na mboga huweza kuwa na floraidi nyingi, na kwamba watoto wa vijiji vyenye maji salama walipata madoa kwa njia hiyo. Mwalimu mwenye kujua hili ana neno la kuwaambia wazazi katika mkutano wa shule.

Yako pia makosa ya kurekebisha. Wengi hudhani kuchemsha maji huondoa kila baya. Kuchemsha huua vijidudu, na tuendelee kuchemsha. Lakini floraidi haiondoki. Mvuke hutoka, floraidi hubaki, na maji yaliyosalia huwa nayo kwa wingi zaidi. Njia mojawapo ya kuiondoa, ambayo imeshughulikiwa kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, ni kupitisha maji katika mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mwanachuo aliyefuata maelezo haya tangu mwanzo ataona mara moja kwa nini mkaa huo hufaa. Mifupa ni apataiti. Apataiti ina kiti. Florini huenda kukikalia na kuyaacha maji. Kanuni iliyobana matabaka ya ulanga na iliyotia doa jino ndiyo hiyo hiyo iletayo tiba.

Hoja ya wanaopinga

Wapo wenzangu wanaosema kwamba mwalimu wa shule ya msingi afundishe usafi wa meno kama ulivyoandikwa katika kitabu, na habari za fuwele awaachie wengine. Muda ni mchache, madarasa yamejaa, na mtihani hauulizi habari za ulanga. Siwezi kupuuza hoja hiyo. Mimi mwenyewe nimefundisha darasa la watoto zaidi ya 80.

Lakini sisemi kwamba mtoto akariri neno haidroksili. Mtoto wa darasa la tatu na atazame jiwe na kubandua ulanga. Wa darasa la tano na apime matabaka ya boksi. Wa darasa la saba na aulize maji ya kisima chao yanatoka katika jiwe gani. Anayepaswa kuijua habari nzima ni mwalimu. Mwalimu akijua yale tu anayofundisha, siku atakapokutana na jambo lisilo kitabuni atalijaza kwa dhana yake, na dhana ya mwenye fimbo humwumiza mtoto.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama iliyo jirani yetu, alieleza katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule isitengwe na maisha ya watu wanaoizunguka. Wengi wetu tulilielewa neno hilo kuwa ni jembe na shamba la shule. Mimi naona lahusu pia jiwe, kisima na meno ya watoto.

Yatupasayo

Ndugu mwanachuo, utakapokwenda mazoezini, nakuomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya kipindi chako cha kwanza cha sayansi, tembea kandokando ya shule, ujue mawe yake, na uulize maji yanatoka wapi. Pili, siku ya zamu yako, ukimwona mtoto mwenye meno ya kahawia, usimwulize mbele ya wenzake kama hupiga mswaki. Mwite kando, umwulize kwa upole alikulia wapi na walikunywa maji gani. Tatu, ukiona watoto wengi wa kijiji kimoja wana madoa hayo, usinyamaze. Mwarifu mwalimu mkuu, ili wataalamu wa maji waombwe kukipima kisima hicho. Huko nyumbani wamo wadogo zao ambao meno yao yangali yanajengwa, nao bado wanaweza kuokolewa.

Msichana yule nilimkosea miaka mingi iliyopita. Sikupata kumwomba radhi, kwa kuwa alihama tena kabla sijajua kosa langu. Nilichoweza ni kuwaandikia ninyi mtakaosimama mbele ya mstari baada yangu.